Rivyu yangu ya emajensi na bima ya Marekani: dripu safi, bahasha hapana

Wadau naandika hii baada ya miezi mingi ya kupigiana simu na watu wa bili, kwaiyo mnisamehe nikiwa na hasira kidogo. Kila nikikaa na watu hapa Columbus, Ohio, nasikia moja kati ya mawili, ama matibabu ya Marekani ndo bora duniani ama ni wizi mtupu, na mi sasa nimeyaonja kwa ubavu wangu mwenyewe naona kila mtu anaongelea nusu yake. Rivyu hii ni ya huduma nzima, kuanzia saa nane usiku mlangoni pa emajensi (kitengo cha dharura) mpaka bahasha ya mwisho ya bili. Hospitali siitaji, bima siitaji, maana wala sio suala la hospitali moja.

Ilikua mwisho wa mwezi wa pili 2025, baridi ile ya kukata masikio. Nimetoka shifti weahausi, nimelala, nikaamka na maumivu ubavu wa kushoto yanashuka mpaka kwenye kinena, nikadhani ni mgongo tu maana siku nzima nabeba maboksi. Baada ya nusu saa nimepiga magoti bafuni natapika. Mke wangu kashika simu anataka kupiga 911, namba ya dharura, mi huku natapika namwambia acha, usipige, ambulensi hapana. Akanishangaa, "Baba Nasra unakufa unawaza hela?" Ndio, nawaza hela. Kuna sheria nzuri imeanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2022, inazuia hospitali na madaktari kukushtukiza na bili kubwa pale unapohudumiwa kwa dharura na watu wasio na mkataba na bima yako, ila hio sheria ambulensi ya barabarani wameiacha nje. Ya helikopta imo, ya magurudumu haimo. Kwaiyo akagongewa mlango jirani yetu Mkongo, kaka wa watu katoka na ndala kwenye theluji, akanipakia.

Sasa nianze na sifa, maana haki ya mtu mpe.

Pale mlangoni hakuna alieniuliza hela. Jina, tarehe ya kuzaliwa, maumivu yako kati ya moja mpaka kumi ni ngapi, nikasema kumi na moja, yule dada hata hakucheka. Ukutani kuna bango la Kiingereza na Kihispania linasema una haki ya kupimwa na kutulizwa hali yako hata kama huna uwezo wa kulipa wala bima. Sio hisani ile, ni sheria ya 1986, hospitali yoyote yenye emajensi na inayopokea hela za Medicare (bima ya serikali, zaidi ya wazee wa miaka 65 kwenda juu) inabidi ifanye hivo. Wanachokatazwa ni kukuchelewesha kukupima kwa sababu ya mambo ya malipo. Ndo maana mtu wa bima alikuja baadae kabisa, nshalala kitandani, anasukuma kakompyuta ka magurudumu kama muuza aiskrimu, ananiomba kadi kwa upole kabisa. Ila sheria inasema wakupime na wakutulize, haijasema bure. Hapo ndo watu wengi tunachanganya mambo.

Kabla ya kuitwa ndani nilikaa waiting rum kama dakika hamsini hivi na hapo ndo niliona kitu ambacho sijakisahau. TV iko juu ukutani, inapita taarifa ya surua kule magharibi mwa Texas, kisha tangazo la dawa, watu wanatembea na mbwa kwenye majani ya kijani huku sauti inataja madhara kwa mwendo wa mnadani. (Dawa za kuandikiwa na daktari kutangazwa kwa wananchi kwenye TV namna hii, ni Marekani na New Zealand tu wanaruhusu.) Basi ukumbi mzima ukaanza ubishi wa nini kinawadhuru watu nchi hii. Kuna mama anasema yeye watoto wake hawali tena pipi zenye rangi nyekundu, na kweli Januari ya mwaka ule ule FDA, mamlaka ya chakula na dawa, walikua wamepiga marufuku ile rangi nyekundu namba 3 kwenye vyakula, rangi ambayo kwenye vipodozi walishaikataa tangu 1990, yani mdomo usipake ila tumbo lile, miaka 35. Mwingine anasema mafuta ya mbegu. Mwingine chanjo, hapo kidogo wagombane, na mi na maumivu yangu nikajikuta nasema wanangu wote wamechanjwa, surua nchi hii ilitangazwa imetokomezwa mwaka 2000 na haikutokomezwa na maombi.

Aliekua anaongea kwa sauti kuliko wote alikua mzee mmoja wa Kizungu, kofia ya besiboli, mguu mmoja kavaa kandambili baridi yote ile kwa sababu umevimba na una bendeji imeloa. Yeye shida yake ni floridi kwenye maji ya bomba, ile wanayotia kulinda meno. Anakuambia tangu 1945 walipoanza kule Grand Rapids, Michigan, serikali inawalisha watu sumu, yeye hanywi maji ya bomba, ananunua ya madumu. Sawa mzee. Alafu mama yule akamuuliza mguu umefanyaje, sauti ikashuka palepale. Ana sukari. Kidonda kina wiki tatu. Na insulini anaivuta, yani ya mwezi mmoja anaitumia mwezi na nusu, anapiga kidogo kidogo, maana ana miaka 61 na ile bei ya dola 35 kwa mwezi ni ya wenye Medicare na yeye miaka 65 hajafika.

Floridi alikua anaisema ukumbi mzima unasikia, insulini aliisema kama anaungama. Mi sisemi watu wasijadili rangi za pipi, wajadili, ila pale nilipokaa hatari iliyokua inamla yule mzee mguu haikua kwenye bomba. Na kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuja kusoma baadae kuwa makampuni yanayotengeneza insulini tangu 2023 yalitangaza mipango ya kushusha bei mpaka hiyo hiyo dola 35 kwa mwezi hata kwa wasio na Medicare. Mlango ulikua upo. Hakuna aliemuonyesha. Hili nalirudia chini maana ndo kasoro kubwa ya huduma nzima, punguzo zipo ila mpaka uziombe, tena uzitaje kwa jina.

Haya, ndani. Nesi alinipata mshipa mara moja tu, na mi mishipa yangu ni ya kujificha, damu wanachukua kila mtu analalamika. Dripu ikawekwa, sindano ya ketorolaki, dawa ya maumivu, ikapita kwenye mpira, na wallahi baada ya dakika kama ishirini nilitaka kumuoa yule nesi, bahati mke wangu kabaki na watoto. Nikapiga picha ya mkono na dripu nikamtumia asiwe na wasiwasi (ikumbukeni hii picha). CT skani chap. Daktari akaja, akavuta kiti akakaa, hakusimama mlangoni na mguu mmoja nje, akanionyesha kwenye kioo kidoti cheupe, kijiwe cha figo, milimita 4, kimekwama kwenye mrija unaoshuka kibofuni. Akasema vya saizi hii vingi vinatoka vyenyewe, kunywa maji sana, akaniandikia dawa ya kulegeza mrija, akanipa kichujio kidogo cha plastiki kama cha chai, kila nikikojoa nipitishie humo, nikikamata kijiwe nikilete kipimwe kimetengenezwa na nini. Saa kumi na moja alfajiri nshatoka. Kwa hapo, nyota tano, na ya sita ningeongeza ingekuwepo.

Sasa bahasha.

Ya kwanza ilitoka kwa bima. Karatasi tatu, namba kibao, juu imeandikwa kwa herufi nzito HII SIO BILI. Bei ya hospitali dola 7,840. Chini yake punguzo la mkataba kati ya bima na hospitali, inabaki 3,120. Bima imelipa: 0. Unaweza kudaiwa: 3,120. Mke wangu alisoma mara mbili akaniuliza sasa kama sio bili mbona inanitisha kama bili? Sikua na jibu.

Kwa mgeni wa haya mambo nieleze kidogo. Mi nakatwa dola 96 kila wiki mbili kwenye mshahara, kwa mwaka inakaribia 2,500. Hio ni ya kua na kadi tu. Alafu kuna kitu wanaita didaktibo, ni kiasi unacholipa wewe mwenyewe kwanza kabla bima haijanyoosha mkono, yangu ni dola 4,000. Na kwa bima nyingi didaktibo inaanza upya kila tarehe 1 Januari. Kwaiyo ushauri wa kiganga kabisa, ukitaka kuugua Marekani ugua Novemba, Februari ndo mwezi mbaya kuliko yote, bado hujalipia kitu. Kijiwe changu hakikujua kalenda.

Na usiniulize kwanini bima nakatiwa na weahausi badala ya kununua mwenyewe mahali, ni historia ya vita hiyo, 1942 serikali ilibana mishahara isipande, waajiri wakaanza kuvutia watu kwa marupurupu ikiwemo bima, baadae kodi nayo ikaipendelea, ikaganda hivo mpaka leo. Bosi wa maboksi ndo anachagua nitibiwe kwa masharti gani. Ukiacha kazi na kadi inakuacha, au unaruhusiwa kuendelea nayo kwa muda ila ulipe wewe kila kitu, pamoja na ile sehemu aliyokua anakulipia bosi, shukrani sana.

Bahasha ya pili, bili halisi ya hospitali, 3,120. Ya tatu, daktari, dola 612, maana kumbe yule daktari alievuta kiti hakuajiriwa na hospitali, yupo chini ya kampuni nyingine. Ya nne, mtu ambae sijawahi kumuona maishani, aliesoma CT yangu sijui akiwa wapi, 890, na wameandika hana mkataba na bima yangu. Jumla 4,622 kwa masaa matatu na kichujio cha chai.

Mtu wa kawaida hapa anafanya moja ya mawili, analipa kwa kadi ya mkopo au anatupa bahasha kwenye droo mpaka wakusanya madeni waanze kupiga. Mi nikasema ngoja, nikakaa na simu.

Yule wa 890 ndo alikua rahisi. Nikampigia nikataja ile sheria ya 2022, nikamwambia hii ilikua emajensi, natakiwa nitozwe kama mtu yuko ndani ya mkataba. Kimya. Akasema subiri kidogo. Nikasubiri. Karudi, "Ooh ndio, tutairudisha kwa bima iangaliwe upya." Wiki tano baadae ikaja nyingine, 148. Hakuna samahani wala nini. Yani nisingepiga ningelipa 742 zaidi kwa kosa ambalo wao wanalijua jina.

Hospitali sasa, hawa niliwapigia mara nane. Mziki wa kusubirishia naujua mpaka nauimba nikiosha vyombo. Siku moja nimekaa dakika 47, bonyeza moja, bonyeza nne, simu ikakatika nilipopata mtu. Nchi hii kwa 2023 ilitumia dola trilioni 4.9 kwenye afya, asilimia 17.6 ya uchumi wote, na wastani wa kuishi mwaka huo ulikua miaka 78.4, chini ya nchi tajiri kibao ambazo kwa kila mtu zinatumia kama nusu ya hapo, na mi nikiwa kwenye ule mziki nilikua najiambia bila shaka sehemu ya hizo trilioni ndo inalipa huu mziki.

Neno la kichawi la kwanza ni mchanganuo. Bili wanayokutumia imeandikwa mistari miwili mitatu tu, "emajensi", "maabara", "picha". Omba mchanganuo kamili wenye misimbo, huduma nyingi zina namba ya tarakimu tano. Wangu ulikuja kurasa mbili. Nikaona 99285, hio ni emajensi ya daraja la juu kabisa, madaraja ni matano kuanzia 99281. Nikaona 74176, CT ya tumbo na nyonga. Nikaona 96360, dripu saa ya kwanza. Alafu 96361, dripu saa ya ziada, dola 214.

Saa ya ziada? Nikafungua simu. Ile picha niliyomtumia mke wangu, dripu ndo imewekwa sasa hivi, saa tisa kasoro dakika tisa. Na nyingine nimepiga nimevaa koti, mkono una pamba tu, saa tisa na dakika arobaini na tatu. Haijafika hata saa moja! Nikawatumia zote mbili. Wiki tatu, barua, 214 imefutwa. Mke wangu tangu siku hio ukimwambia unaenda kliniki anakuuliza simu ina chaji.

Kuhusu 99285 niliomba waipitie waishushe daraja, wakapitia wakakataa, na sijaona pa kuwalaumu, nilifanyiwa CT, nilidungwa, nilikua natapika, wacha iwe.

Neno la kichawi la pili ndo kubwa na nililipata kwa yule yule jirani Mkongo, akaniambia "kaka, uliomba msaada wa kifedha?" Nikamwambia mi nina kazi, msaada ni wa wasio na kitu. Akacheka. Kumbe hospitali zisizo za faida, na nyingi hapa ziko hivo, zinasamehewa kodi, na ile sheria ya afya ya Obama ya 2010 inazilazimisha ziwe na sera ya maandishi ya kupunguzia watu bili kulingana na kipato, na waitangaze. Wameitangaza kweli, mgongoni mwa bili, maandishi ya saizi ya sisimizi. Fomu kurasa nne, vijikaratasi vya mshahara, taarifa ya benki, idadi ya watu nyumbani. Sisi tuko watano kwa mshahara mmoja na nusu. Siku 30 hivi wakajibu, punguzo asilimia 60. Kwaiyo ile 3,120 ikatoka 214 ikabaki 2,906, nikalipa 1,162 na senti 40. Asilimia 60 ya hela ilikua ipo, inasubiri niulize swali.

Daktari hakuingia kwenye punguzo kwa sababu yeye ni kampuni nyingine, hao niliwabembeleza wakanipa 51 kwa mwezi miezi kumi na mbili bila riba. Ukijumlisha yote imetoka 4,622 imekuja 1,922 na senti 40, kwa kijiwe cha milimita 4, na bima ambayo naikatwa kila wiki mbili imechangia sifuri. Nikiwa mkweli haijachangia sifuri kabisa, bila ule mkataba wao ningeanzia 7,840, ila hio bei yenyewe naona imewekwa pale ili punguzo lionekane punguzo.

Kwaiyo nyota. Nesi na daktari tano. Yule dada wa mlangoni tano. Bima moja, na hio moja ni ya ile kazi ya mkataba. Bili ya hospitali ningewapa moja, ila kuna mama mmoja wa kitengo cha fedha, simu yangu ya sita, aliniambia kimya kimya "usilipe chochote mpaka fomu ijibiwe", huyo nampa nyota tatu peke yake. Kama una shida ya jino au macho sahau kabisa, hizo ni bima nyingine, kadi nyingine, na didaktibo nyingine usije ukalia.

Na kama shida yako inaweza kusubiri mpaka asubuhi, homa, kukata kidole, sikio, nenda zile kliniki ndogo za haraka za barabarani, ulizia bei ya kulipa kashi kabla hujakaa kwenye kiti. Kifua, kupooza, damu isiyokata, hapo usiangalie hela, nenda emajensi, na hata hio 911 piga, mi nilifanya ujinga kukataa maana sikujua kama ni kijiwe au ni kitu gani. Bili ina fomu ya kuipunguza.

Kijiwe kilitoka siku ya nne, jumapili, kikagonga kwenye kichujio "tik" kama punje ya mchele. Nikakiweka kwenye kichupa kama nilivyoambiwa. Kabla ya kukipeleka maabara nikapiga simu kuuliza kukipima ni bei gani, dada akasema hawezi kujua, itategemea, atanipigia. Kichupa bado kiko juu ya friji, Nasra keshakiandikia jina.